Kigoda cha Bibi Kalunde

Rehema, niliyemwachia maktaba, ameniambia niwaandikie nyinyi mnaobaki kazini namna nilivyokuwa naongea na wakubwa. Nilimjibu kwamba shule yangu iliishia darasa la saba na sina maneno ya semina. Akasema semina mmeshahudhuria za kutosha, mnachokosa ni mtu wa kuwaambia ukifika ofisini kwa mkubwa unakaa wapi. Hilo nalijua. Unakaa pale unapoonyeshwa, na unamsalimia kwanza aliyekuonyesha, kwa sababu huyo ndiye anayejua mkubwa ameamkaje leo.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara wa maktaba mnaujua, hauna haja ya kusimuliwa. Nitaandika watu. Nimestaafu nikiwa na deni la shukrani kwa watu kadhaa, na baadhi yao wameshatangulia, kwa hiyo nalipa kwa njia hii.

Nilianza Korogwe, msafishaji. Mkuu wa maktaba alikuwa Bwana Mhina, Mbondei mrefu, suruali imenyooka hata siku za mvua, maneno yake machache. Asubuhi ya kwanza alinipa ufagio na kopo la oili chafu, akanipeleka kwenye rafu za nyuma.

"Mama, hapa tuna maadui wawili," akasema. "Mchwa, na mkubwa asiyetujua. Leo utaanza na mchwa."

Nikadhani ananitania. Akainama mwenyewe na suruali yake ile, akanionyesha. Kila mguu wa rafu unakaa ndani ya kopo, kopo linatiwa oili, na kopo likikauka mchwa wanapanda. Mchwa hawaanzi na jalada. Wanaanza ndani, kitabu kinabaki kimesimama kizuri, ukikishika kinakuwa unga. Nimeshika vitabu vya namna hiyo, na baadaye nimeshika ahadi za namna hiyo, na mkononi havitofautiani.

Siku moja alinikuta napangusa vumbi huku midomo inachezacheza. Nilikuwa nasoma gazeti la zamani lililotandikwa kwenye rafu. Kesho yake aliniita mbele, akanipa gazeti la siku hiyo, akaniambia, "Wazee wale wawili wanangoja wajukuu wao watoke shule. Wasomee." Nikasoma kwa kugonga-gonga kama gari bovu. Wazee wakanivumilia. Nikawa nasoma kila siku, na kwa njia hiyo nikajifunza gundi, nailoni ya kuvalisha majalada, muhuri wa tarehe na kadi za wasomaji. Ufagio nao sikuuacha. Mkuu wa maktaba asiyeshika ufagio anachelewa kuwaona mchwa.

Adui wa pili nilimjua baada ya uchaguzi. Bwana Mhina alikuwa na desturi yake. Madiwani wakishaapishwa, anamwandikia kila mmoja kadi ya uanachama wa maktaba, jina limepangwa vizuri kwa wino, halafu anampelekea mkononi. Akanichukua twende Mnyuzi. Diwani tulimkuta shambani anapalilia mahindi, amefunga kilemba cha taulo. Aliipokea kadi kwa ncha za vidole.

"Sasa mnataka nini?" akauliza.

"Hatutaki kitu, Mheshimiwa. Tumekuja kukusalimu."

"Toka nichaguliwe hajaja mtu hapa asiyetaka kitu."

"Basi sisi tutakuwa wa kwanza," akasema Bwana Mhina. "Karibu maktaba. Kadi haiozi."

Tulipalilia naye mstari mmoja, tukaondoka. Njiani nilimuuliza kwa nini hakusema habari za paa, na paa lilikuwa linavuja hadi tunaweka mabeseni juu ya kamusi. Akaniambia, "Paa limevuja siku zote, linaweza kungoja. Ukianza na paa, kila akikuona ataona paa, atapita njia nyingine. Leo tumempa nafasi ya kutujua bila kuogopa."

Yule diwani alikuja maktaba baada ya miezi, mwenyewe, kutafuta kitabu cha ufugaji wa nyuki. Paa nalo aliliona kwa macho yake, tone lilimwangukia shingoni. Hatukuhitaji kusema.

Mengine ya Bwana Mhina nayaweka hapa kwa kifupi maana nimeyatumia maisha yangu yote. Alisema mkurugenzi mpya asalimiwe kabla hajasikia habari zako kwa mtu mwingine. Karani wa masjala ajulikane kwa jina, na mtoto wake pia. Aliyeshindwa uchaguzi asalimiwe wiki ileile aliyoshindwa, kwa sababu siku hizo hana wageni. Na msibani usiombe jambo lolote la kazi. Msibani unabeba maji, unamenya ndizi, unarudi nyumbani. Kuhusu vyama, alisema maktaba haina rangi. Mimi nilipewa kanga na kila chama kilichopita, na zote nilizipokea kwa mikono miwili. Nilizifanya za kupangusia vumbi, kwa zamu, pasiwe na upendeleo.

Baadaye nilipelekwa upande wa Handeni, maktaba ya kata, na nikaambiwa niisimamie kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyekubali kwenda. Jina la kata naliacha, wahusika wapo hai na wananisalimia vizuri. Jengo lilikuwa ghala la zamani la mahindi, limepigwa chokaa, lina uwanja mbele unaogusa barabara kubwa, na mnada uko hatua chache tu. Vitabu vilikuwa vya serikali huko juu, jengo lilikuwa la halmashauri. Jengo la halmashauri maana yake ni jengo la madiwani, na madiwani wakiamka vibaya unaweza kubaki na vitabu vyako juani.

Siku za mnada niliendeleza kile alichonifundisha Bwana Mhina. Mchana watu wakichoka na jua, nilisoma gazeti kwa sauti kwa yeyote aliyekaa. Hapo ndipo alipokuja Bibi Kalunde.

Bibi Kalunde alikuwa Mnyamwezi. Baba yake aliletwa kukata mkonge Korogwe, yeye akazaliwa kambini, akaolewa upande wetu, akazeekea kwetu. Alikuwa anauza viazi vitamu mnadani. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na karai tupu kichwani, akauliza, "Hilo gazeti linasema nini kuhusu mvua?"

"Halijasema kitu."

"Basi limeandikwa na watu wasiolima."

Nikamjibu, "Weka mzigo chini kwanza, Mnyamwezi, ndipo uulize. Au nyinyi mzigo mnazaliwa nao kichwani?"

Akacheka hadi karai likayumba. "Kumbe humu yupo Mzigua. Nilijua tu, nimesikia harufu ya bada, ugali wenu wa muhogo."

Kwa wageni wa huku nieleze. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, Wanyamwezi walipokuwa wanapita kwetu na mizigo ya misafara kichwani. Mtani wako anaweza kukutukana ukoo mzima na huruhusiwi kununa. Ukifiwa, mtani anakuja kufanya vituko, anamwigiza marehemu, anaziba njia maiti isitoke mpaka apewe anachodai, na mfiwa hakatai. Ni mchezo, lakini ni mchezo wenye nguvu, kwa sababu mbele za watu hakuna wa kusema hapana.

Bibi Kalunde hakujua kusoma. Alikuwa anasomewa. Viti vyetu vilimning'iniza miguu, kwa hiyo alikuja na kigoda chake cha nyumbani, akakiacha kwetu moja kwa moja, chini ya dirisha. Alikuwa anasikiliza kila kitu, bei za mazao, mpira, vifo, na zaidi habari za vikao vya madiwani, kwa sababu mwanawe Mihayo alikuwa ameingia udiwani. Mihayo mwenyewe hakujua. Mama alimwambia anakwenda kuuza viazi, na kweli alikuwa anauza. Vikiisha ndipo anaingia kusikiliza mwanawe amesema nini.

"Amesema nini leo?" alikuwa ananiuliza.

"Amesema barabara itengenezwe."

"Nyumbani hata mlango hajatengeneza."

Mheshimiwa Mihayo nilimpelekea kadi yake baada ya kuapishwa, kama ilivyo desturi. Aliitia mfuko wa shati bila kuitazama, akanishukuru. Sikuchukia. Kadi haiozi.

Akapanda akawa mwenyekiti wa kamati ya fedha. Asubuhi moja nikamwona uwanjani kwetu na fundi, wameshika tepu, mmoja mwisho huku, mwingine mwisho kule.

"Shikamoo Bi Mwajuma."

"Marahaba. Mnapima kaburi la nani?"

Akacheka kidogo. Kisha akanieleza mwenyewe, na kwa hilo namshukuru, hakunificha. Halmashauri ilikuwa inatafuta mapato. Ghala lingebomolewa, zingejengwa fremu za maduka zinazotazama barabara. Vitabu vingepewa chumba katika shule ya msingi. Baraza lingeamua kwenye kikao cha robo mwaka kinachofuata.

Msidhani alikuwa mtu mbaya. Kwenye kata yake kulikuwa na zahanati isiyo na choo, wajawazito wanakwenda kichakani, na yeye ndiye anayesimamishwa njiani na kuulizwa. Aliona uwanja mkubwa na watu wachache ndani. Alichokuwa hakioni ni siku za mnada, kwa sababu siku za mnada yeye yuko mnadani, ni mfanyabiashara wa mazao. Na chumba cha shule kinafungwa watoto wakitoka. Hakuna bibi wa viazi atakayekwenda kukaa kwenye dawati la darasa la kwanza asomewe gazeti. Nilijua kwamba maktaba ikihamia pale, imekufa.

Rehema alikuwa ameletwa kwangu kutoka chuoni, binti mwepesi, ana akili na hasira sawasawa. Alikuwa amempiga Mheshimiwa picha na tepu yake.

"Bibi, naituma kwenye magrupu yote. Watu waone."

"Usiitume."

"Kwa nini? Si kweli?"

"Ni kweli. Ukiituma atatukanwa na watu asiowajua, na baada ya hapo hata akitaka kurudi nyuma hataweza, ataonekana amekimbia. Muachie njia ya kurudi. Wewe niandikie ukurasa mmoja, nani anakuja hapa, siku gani, anafanya nini. Na uniambie zahanati itajengewa choo kwa njia gani, maana hilo swali lake ni la haki."

Alinuna, lakini aliandika. Mimi nikazunguka kwa madiwani wengine, niliowapelekea kadi zamani. Nilikaa kwenye mabenchi ya halmashauri hadi mengine yamechukua umbo langu. Walinipokea vizuri, wakanipa chai, na wote jibu lao likawa moja. Sisi tuko na mwenyekiti wa kamati. Akilegea yeye, tumelegea sote.

Mtauliza kwa nini sikwenda kwa mama yake. Wakati huo Bibi Kalunde alikuwa hatoki kitandani. Nilikuwa nakwenda kumsomea gazeti mchana, mwanawe akiwa kwenye shughuli zake. Ningeweza kumwambia neno moja tu na angemwita mtoto wake usiku uleule. Nilikaa pale mara nyingi na neno hilo mdomoni, nikalirudisha. Mgonjwa hapelekewi habari za kubomoa. Alipouliza kigoda chake kiko salama, nilimwambia kipo chini ya dirisha, hakuna anayekikalia. Na ilikuwa kweli.

Akafariki kabla ya kikao.

Rehema na wazee wawili wa kamati ya maktaba walinifuata nyumbani jioni hiyohiyo. Hawakuwa na makuu, walinipa pole kwanza. Halafu Rehema akasema taratibu, "Bibi, wewe ni mtani wake."

"Ndiyo."

"Mtani akiziba mlango, mfiwa hakatai."

"Nimekuelewa tangu ulipobisha hodi. Nenda kalale."

Mimi sikulala vizuri. Kesho yake nilikwenda maktaba kwanza, nikachukua kigoda, nikakiweka kichwani na kwenda nacho msibani. Wanyamwezi waliponiona natokea na kigoda walianza kucheka huku wanalia, walijua kazi imefika. Walikuwa ni Wakristo, jeneza lilikuwa sebuleni, ibada imekwisha, wabebaji wameshainama. Nikaweka kigoda katikati ya mlango nikakaa.

Nikamwigiza marehemu. Nilikunja shingo kama yeye, nikatega sikio kwenye gazeti ambalo halipo, nikasema kwa sauti yake ya puani, "Amesema nini leo? Barabara? Mlango je?" Watu wakapasuka. Hata mchungaji aligeuka ukutani, mabega yanamtikisika.

Mjomba wake Mihayo akaja. "Ondoka hapo, Mzigua, mzigo ni mzito."

"Mzigo nyinyi ndiyo kazi yenu. Ushikeni vizuri mngoje. Huyu ni wangu, nimekaa naye kuliko nyinyi."

Ndipo Mihayo akasogea, macho mekundu, tai imelegea. Hakunitazama mimi. Alitazama kigoda.

"Hiki kigoda kilipotea nyumbani," akasema. "Nilimnunulia kingine, akakataa kukikalia."

"Hakikupotea. Kilikuwa kazini. Mama yako alikuwa anakuja nacho kwangu kusomewa habari zako."

Akafuta macho kwa ncha ya tai. Halafu akauliza lile swali ambalo mfiwa lazima aulize. "Haya, mtani. Unataka nini tupite?"

Ua lote lilijua habari ya tepu. Niliona wale madiwani walionipa chai, wamesimama karibu na maturubai, wanangoja. Nilimwona Rehema kwenye madumu ya maji, ameshika kikombe hakinywi. Ningesema neno moja angekubali. Hakuwa na namna nyingine.

Nikamkumbuka Bwana Mhina. Yeye alikuwa ameshazikwa kwao, na mimi siku ya mazishi yake nilibeba maji, sikuomba kitu.

"Nataka jogoo," nikasema. "Mweupe, hana kilema. Na usimtume mtu. Uniletee mwenyewe, mahali ninapofanyia kazi."

Mtani haruhusiwi kuomba jengo. Lakini kutaja mahali pa kupelekewa kuku wake anaruhusiwa.

"Umepata," akasema Mihayo. Nikanyanyuka na kile kigoda, jeneza likapita.

Kurudi, Rehema alitangulia mbele yangu kwa hatua ndefu. Tulipofika darajani akanigeukia. "Ulikuwa naye mkononi, Bibi."

"Nilikuwa naye. Ningembana angekubali, na matanga yakiisha angekumbuka kwamba nilimbana siku anamzika mama yake. Tungekuwa na jengo na adui, na yeye yuko humo kwenye kamati kila robo mwaka. Mara hii angekubali. Mara ya pili angetuuza pamoja na milango."

"Na asipoleta huyo jogoo?"

Nikamwambia atazame njia asijikwae.

Kigoda nilikirudisha chini ya dirisha. Matanga yakaisha. Siku zikapita, jogoo hakuna. Kikao kikakaribia, makabrasha yakagawiwa kwa madiwani, na habari ya fremu ilikuwa ndani, kila mtu aliiona. Rehema aliacha kuninunia akaanza kunihurumia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mimi nikaanza kuwaza kwamba labda nimekosea. Huenda Bwana Mhina aliishi na watu wa aina nyingine.

Mnada wa mwisho kabla ya kikao nilikuwa naandaa gazeti, mabibi wameshakaa. Mlangoni ukaingia kwanza mlio, kisha Mheshimiwa Mihayo, amembana jogoo mweupe kwapani, shati limechafuka bega zima.

"Nimemtafuta mweupe hadi Mkata," akasema. "Wote wana doa."

"Ninyi mmezoea umbali. Kaa, tunaanza."

Akatafuta kiti. Viti vilikuwa vimejaa, ni siku ya mnada. Kilichobaki ni kile kigoda. Alikitazama, akakaa, magoti yakamfika kidevuni, jogoo mapajani.

Bibi Asha, muuza mbogamboga, alimgusa begani kwa kidole. "Mheshimiwa, sogea, unaniziba mwanga."

Akasogea. Rehema akasoma. Alisoma bei za mahindi, watu wakaguna. Akasoma ajali, wakasikitika. Ikaja habari ya baraza la sehemu nyingine, madiwani wamegombana juu ya stendi. Bibi Asha akasema, bila kumtazama mtu, "Angekuwepo Kalunde hapa angesema."

"Angesema nini?" akauliza Mihayo.

"Angesema madiwani wetu wanajua kupima. Kukaa ndiyo hawajui."

Watu waliangalia chini. Mihayo akacheka kwa pua, akampapasa jogoo kichwani, akaendelea kumpapasa kwa muda. Tuliacha apapase. Gazeti likaisha, mabibi wakatoka na makarai yao, yeye akabaki.

"Alikuwa anakuja kila mnada?"

"Kila mnada. Akikosa tulijua anaumwa."

"Mimi nilikuwa pale ng'ambo napakia magunia." Alionyesha kwa kidevu. "Hata hatua mia hazifiki."

Nilikunja gazeti. Baadaye akasema, "Zahanati yangu bado haina choo, Bi Mwajuma. Hilo halijaondoka."

"Najua. Rehema, mletee Mheshimiwa ukurasa wako."

Na hapa niseme wazi. Kilichofuata si changu, ni cha Rehema. Kwenye ukurasa ule alikuwa amechora. Fremu zijengwe kwenye uwanja wetu, zitazame barabara, zipate wapangaji, na kodi yao ijenge choo cha zahanati. Ghala libaki nyuma yake, na njia ya kupita iachwe katikati. Mimi nisingefikiria kuutoa uwanja, niliupenda, nilipanda miche yake kwa mkono wangu. Yeye aliona tunachoweza kupoteza tukabaki hai. Mihayo alisoma mara mbili. Akatoka uwanjani na Rehema, wakashika tepu, safari hii mwisho mmoja ameushika yeye na mwingine ameushika binti yangu. Jogoo waliniachia mimi.

Kwenye kikao nilikaa viti vya nyuma vya wananchi. Mihayo alisimama akasema kamati imetafakari upya, akaeleza mchoro kama ulivyo, akamtaja Rehema kwa jina. Diwani mmoja akamchokoza, "Mwenyekiti, ni mchoro huo au ni jogoo wa Mzigua?" Ukumbi ukacheka. Mihayo akasema, "Vyote viwili. Wewe nenda kakae pale siku ya mnada ndipo uniulize." Likapita.

Tulipoteza uwanja. Leo ukikaa na kitabu unasikia saluni upande mmoja na mashine ya kusaga upande mwingine, na miche yangu imekatwa. Zahanati ilipata choo, nimekwenda kukiona, kina mlango unaofunga. Jogoo tulimfuga nyuma ya maktaba hadi wanafunzi wa mtihani walipolalamika kwamba anawika kwenye hesabu. Nikamhamishia nyumbani, akazeeka kwa heshima.

Uchaguzi uliofuata Mihayo alishindwa. Nilikwenda kwake wiki ileile. Nilimkuta peke yake barazani, simu ipo mezani haiiti. Alisema, "Nilijua wewe utakuja." Akatoa kadi ya maktaba mfukoni, ile ile, imechakaa kwenye kingo, akaniuliza kama bado inafanya kazi. Nikamwambia haijawahi kuisha. Sasa hivi siku za mnada anakuja, na Rehema akiwa na wageni yeye ndiye anayesoma gazeti. Anasoma kwa kugonga-gonga. Tunamvumilia.

Siku yangu ya kuagwa alisimama mbele ya watu akasema yeye hatoi zawadi, anangoja. Akasema siku nikifa atakuja na kigoda cha mama yake, atakaa mlangoni, na Wazigua wote wa Handeni watajua kazi. Watu walicheka sana, na mimi nikacheka, maana sasa najua nitakwenda na watu wangu wamekamilika, na mtani yumo.

Nimeshamwachia Rehema maagizo, na nyinyi wengine myasikie. Siku hiyo msiwe na haraka ya kumlipa. Mwacheni Mnyamwezi akae, anitukane vizuri, aniigize ninavyokemea watu. Akidai jogoo, mpeni mweupe. Akidai maktaba, mwambieni Bi Mwajuma hakuwa na maktaba ya kutoa. Ina wenyewe, na yeye ni mmojawapo, kadi anayo mfukoni.